Mwaka wa Usumba

Kwenye hitma ya shangazi yangu, Bi Mize, watu walisema alikuwa mpole. Walikaa kwenye mikeka sebuleni kwake, ghorofa ya tatu pale Thamesmead, huku ughaibuni, wakala wali wa nazi na mchuzi wa kuku, na kila aliyenipa mkono aliniambia jambo lile lile kwa sauti ile ile ya chini: Bi Mize, Mungu amrehemu, hakuwahi kugombana na mtu. Nikaitikia amin, maana pale hapakuwa mahali pa kubishana. Lakini mimi niliishi naye, na sitaki apunguzwe. Bi Mize aligombana na kampuni inayosimamia majengo yetu, na mtabiri wa hali ya hewa ndani ya televisheni, na jirani wa chini, Bi Saida, ambaye ndiye aliyelia kuliko wote siku ile. Na mwaka ninaotaka kuuandika hapa, aliwazuia wanaume wanne na gari lao akiwa amekalia mbuzi yake ya kukunia nazi. Nilipoulizwa ninataka nini katika vitu vyake nikaitaja hiyo hiyo mbuzi, ile ya kukunja, yenye ulimi wa chuma uliolika katikati. Dada zake wakatazamana. Walidhani nitachukua bangili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yangu kubwa ilikuwa kuogopa kukosea. Nilikuwa nauza kwenye duka la dawa mchana, lakini hiyo ilikuwa kazi ndogo. Ujumbe wa maneno matatu kwa meneja niliuandika, nikaufuta, nikauandika tena mpaka chai ikapoa. Mlango niliufunga, nikashuka ngazi, nikapanda tena kuutikisa. Chuo nilikiacha mwaka wa kwanza, na wala sikufeli: nilishindwa tu kukabidhi insha ambayo machoni pangu ilikuwa bado haijatimia, na siku ya mwisho ikapita mimi nikirekebisha aya ya kwanza. Nayaandika haya waziwazi kwa sababu nimechoka kuyaficha, na kwa sababu bila hayo hamtaelewa kwa nini neno moja nililolisema mbele ya ua wa miti liliniuma kulitoa kama jino.

Ndege nilijifunza mwenyewe. Nilinunua darubini kwenye duka la vitu vya mitumba, jicho lake moja lina ukungu mpaka leo, na nikajifunza sauti kwa kusikiliza simu ndani ya basi. Thamesmead watu huiona saruji tu, wakapita. Nyuma ya saruji kuna maziwa na mifereji, na mwisho wa baridi, kabla hata jani halijachipua, mambo yote yanatokea pale. Korongo wa kijivu anasimama kwenye mfereji pembeni ya toroli la dukani lililozama. Mbweha jike anapita juu ya ukuta wa gereji, tumbo limemshuka kwa mimba. Kwenye mtaro nyuma ya shule mayai ya vyura yanaelea kama sagu iliyomwagika. Niliyapenda haya yote kwa sababu hayakunihitaji. Hakuna mbweha aliyewahi kuniuliza kwa nini nimeacha chuo.

Kulikuwa na kundi la watazamaji ndege lililokutana Jumamosi kando ya ziwa, wengi wao wastaafu, na kiongozi wao alikuwa mzee mmoja mrefu aitwaye Graham, mwenye chupa ya kahawa na subira nyingi. Machi inapoingia kundi lile lina shindano ambalo hakuna anayekiri kwamba ni shindano: nani atakuwa wa kwanza kumsikia yule ndege mdogo wa rangi ya majani makavu anayerudi kutoka kusini, ambaye wimbo wake ni noti mbili tu, juu na chini, juu na chini. Jumamosi moja nilizisikia noti mbili kwenye mti mmoja kando ya ziwa, na mimi, ambaye sijawahi kusema lolote pale, nikapaza sauti kwamba amefika. Wote wakasimama. Graham akasikiliza, akatabasamu. Alikuwa ndege mwingine kabisa, mwenye kifua cha njano, anayeshinda hapa mwaka mzima na anaimba noti mbili zake mwenyewe. "Kila mtu humkosea huyo," Graham akaniambia. "Mwezi huu masikio husikia yanachokitaka." Aliyasema kwa wema, na wema wenyewe ndio ulionichoma. Kuanzia hapo nikawa nakwenda Jumamosi na mdomo wangu nimeufunga. Nikimwona ndege nikaulizwa ni nani, nilisema sijui, hata nilipomjua.

Kisha Ramadhani ikaingia, ikaangukia mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na nyumba ya Bi Mize ikageuka. Ukila daku na kusali alfajiri hulali tena, au mimi silali. Nilikaa jikoni na glasi yangu ya mwisho ya maji imeshakwisha, dirisha nimelifungua kidogo, nikisikiliza ndege wa kwanza akianza gizani na wengine wakimpokea mmoja mmoja mpaka uwanja mzima wa maegesho unalia. Jiko lile lilikuwa jembamba kiasi kwamba ukifungua tanuri huwezi kufungua friji. Harufu ya hiliki ilikuwa imeingia kwenye rangi ya ukuta. Mchana, kabla sijaenda kazini, Bi Mize alikuwa akitandika gazeti kwenye roshani, anafungua mbuzi, anaketi, anakuna nazi za futari: za muhogo, za ndizi, za kunde. Nazi za dukani huku huja zimeshafuliwa, zimebakiwa na kishungi tu cha nyuzi za kahawia upande wa macho, ule usumba. Bi Mize aliung'oa kwa vidole kabla ya kupasua, akauacha hapo hapo kwenye saruji. Chicha nayo, akishakamua tui, aliimwaga kwenye sahani ya bati pembeni.

"Unawaalika panya," Bi Saida alipiga kelele kutoka roshani ya chini.

"Panya wangu wamefunga," Bi Mize akamjibu. "Wako ndio wanaokula mchana."

Waliokuja walikuwa shomoro. Bi Mize akiwaita jurawa, kama kwao Pemba, na hakuwa na habari kwamba katika mji huu shomoro wamepungua sana, kwamba wako watu wa kundi la Jumamosi wanaokaa mitaa yenye bustani nzuri ambao hawajamwona hata mmoja kwao kwa miaka. Kwetu walikuwa wengi, wote wakiishi katika ua wa miti ya miiba uliozunguka maegesho, chini ya dirisha letu hasa. Sikuwa nikiwatazama. Ni aibu kidogo, lakini nilikuwa mtu wa kutafuta wageni wa mbali, na shomoro niliwahesabu pamoja na matairi. Mpaka siku moja nilipomwona dume mmoja, kidevu cheusi, akitua kwenye roshani, akiipita chicha bila kuijali, akiuokota usumba. Aliukusanya mpaka ukamtoka mdomoni pande zote mbili kama masharubu ya askari, akaruka, akazama ndani ya ule ua.

"Shangazi, wanachukua usumba."

"Wachukue. Nyumba haijengwi kwa muhogo."

Juma lile lile tangazo likabandikwa kwenye lifti. Ua ungeondolewa ili maegesho yapanuliwe, na kabla ya hapo ungefunikwa kwa nyavu. Nilijua maana yake. Sheria ya nchi hii hailindi miti, ila inakilinda kiota kinachotumika au kinachojengwa. Kwa hiyo wajenzi wamepata njia: mwisho wa baridi wanavika ua wavu kama kichwa kinavyovikwa kitambaa, ndege wakija wanakuta pamefungwa, hakuna kiota, na kisipokuwapo kiota msumeno unaweza kuja siku yoyote. Hakuna anayevunja sheria. Nilimweleza Bi Mize huku akimenya vitunguu. Akakiweka kisu chini.

"Mtu anafungiwa mlango wa uzazi, kisha waseme hakuwa na mtoto?"

"Ndivyo wanavyofanya."

"Na hawa wetu wameshajenga au hawajajenga?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nimeona usumba mdomoni. Nilikuwa nimeona dume akiingia uani. Kiota chenyewe, ndani ya ile miiba, sikukiona. Na je, kama wanabeba tu wakitupa njiani? Kama ni kiota cha mwaka jana wanakichezea? Nikampigia simu Graham, nikiomba ndani ya moyo wangu kwamba aseme yeye. Akanisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama nimewaona wakirudi mahali pale pale. Nadhani, nikasema. Kama nimeona jike akiingia. Labda. "Rukia," akasema, "ukilisema hili kwa kampuni lazima uwe na hakika. Ukikosea, mara ijayo hawatasikiliza mtu yeyote." Alikuwa ananishauri kwa nia njema, na nilipoweka simu nilikuwa nimeshaamua kutosema. Nilimwambia Bi Mize kwamba inabidi niangalie zaidi. Alinitazama muda mrefu kwa mtu mwenye vitunguu machoni.

"Utaangalia mpaka lini, mwanangu? Mpaka waote mvi?"

Gari lilikuja asubuhi ya Alhamisi, baridi kali na jua kali, siku ambayo hewa ya Machi inakata kama karatasi. Niliwaona kutoka dirishani wakishusha mabunda ya wavu wa kijani: wanaume watatu wa fulana za njano na msimamizi kijana mwenye simu mkononi. Nikasema, shangazi, wamefika. Nilipogeuka jiko lilikuwa tupu. Nilimkuta chini. Alikuwa ameteremka kwa lifti na mbuzi kwapani na nazi kwenye mfuko wa plastiki, akiwa na kanga juu ya koti la baridi, na alikuwa ameshaikunjua mbuzi katikati ya lami, mgongo kwenye ua, miguu ameinyoosha, anakuna. Unga mweupe ulikuwa unashuka kwenye bakuli. Wanaume wale walikuwa wamesimama na wavu wao kama watu waliokatizwa sala.

"Mwanamke huyu anafanya nini?" msimamizi aliniuliza kwa Kiingereza, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana nakisikia.

"Anatengeneza chakula cha jioni," nikamjibu, nao ulikuwa ukweli mtupu.

"Mwambie mie nimefunga," Bi Mize akasema bila kuinua kichwa, "na mtu aliyefunga haondoshwi. Mwambie na yule mwenye masikio kama vipepeo vya kuchochea jiko aache kunitumbulia macho."

Mwenye masikio, mzee wa makamo mwenye ndevu zenye mvi, akaangua kicheko mpaka akaliachia bunda. "Mama," akasema, "siye banatutuma tu."

Bi Mize akaacha kukuna. "Ebo! Kumbe wasikia!"

"Ninasikia yote, mama. Hata ile ya masikio."

Alikuwa Patrick, kwao Bukavu. Bi Mize hakuona haya hata chembe. Akamuuliza kama amefunga, Patrick akasema hapana, yeye ni Mkristo, na Bi Mize akasema basi njoo magharibi ule na wewe, ila wavu huo usiufungue mbele yangu. Wakati huo madirisha yalikuwa yameanza kufunguka. Bi Saida, yule yule wa panya, alishuka na kiti chake cha jikoni, akakiweka kando ya Bi Mize, akaketi, mikono kifuani. Msimamizi alikuwa anazidi kuwa mwekundu. Akapiga simu, akasikiliza, akaikata, akanijia mimi.

"Sikiliza," akasema. "Sina ugomvi na mama yako. Ofisi inasema kitu kimoja tu. Kuna mtu yeyote ameona kiota kinajengwa humu? Ameona kwa macho? Kama yupo aseme. Kama hayupo naomba mnipishe."

Nikautazama ua. Ningetoa chochote, ningetoa mshahara wa mwezi, dume mmoja tu wa kidevu cheusi aje atue na masharubu yake mbele ya watu wote. Hawakuja. Shomoro wakiona watu wengi hunyamaza wote kwa mpigo, na ule ua uliokuwa ukipiga kelele kila alfajiri sasa ulikuwa kimya kama kabati. Nilihisi joto likinipanda shingoni, lile lile la siku ile ziwani. Niliona nyuso za kundi la Jumamosi zikigeuka. Bi Mize hakunitazama. Alikuwa anakuna, kwa utaratibu ule ule, krr, krr, krr, na ilikuwa kana kwamba ananipa muda, kwamba nazi zile zinatosha mpaka mimi nitakapokuwa tayari.

"Mimi nimeona," nikasema.

"Umeona kiota?"

"Nimeona wakibeba vifaa vya kujengea, siku baada ya siku, wakaingia navyo hapa."

"Lakini una hakika? Hakika kabisa?"

Kwa maisha yangu yote swali hilo lilikuwa limenisimamisha. Nililibeba mwenyewe, sikuhitaji mtu wa kuniuliza. Sasa nilipolisikia kwenye mdomo wa mtu mwingine, mtu aliyeshika wavu, nililiona lilivyo. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani kila siku. Yeye alikuwa ameteremka garini saa ile. Na anayeulizwa hakika ni mimi!

"Wewe je, una hakika hakuna?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitetemeka na nikaiacha itetemeke. "Umeangalia? Nani ameangalia? Mwenye wavu ni wewe. Mwenye msumeno ni wewe. Anayetakiwa kuwa na hakika ni wewe. Mimi nimesema nilichokiona, na nitakisema hivi hivi kwa ofisi yenu, na kwa polisi kama mtawaita, na jina langu ni Rukia, nakaa pale juu."

Nyuma yangu kukuna kulikuwa kumekoma. Patrick alikuwa ameshainama, anakunja wavu, bila kungoja kuambiwa. Msimamizi alipiga simu nyingine ndefu akiwa upande wa pili wa gari, na aliporudi alisema wataahirisha mpaka mtaalamu aje, kisha wakaondoka. Mtaalamu alipokuja wiki iliyofuata alisimama mbele ya ule ua akinywa kahawa, akaandika kwamba kazi isifanyike mpaka viota vimalizike. Hilo ndilo lililotokea, na haikuwa ajabu yoyote. Magharibi ya Alhamisi ile Patrick alikuja kweli. Alikaa mkekani, akala kaimati mpaka Bi Mize akamwambia sasa naelewa kwa nini Mungu alikupa masikio, ili yabakie kitu cha kushikia ukiwa mnene. Bi Saida alicheka akasahau kwamba hawasemezani.

Ningependa kuishia hapo, lakini ningekuwa nadanganya. Vuli ilipofika, viota vikiwa vimeshaachwa, walirudi na misumeno na ua ukaenda wote kwa asubuhi moja. Hapakuwa na sheria ya kuwazuia. Bi Mize alitazama dirishani, akasema tu, "Haya, tumewapa kiangazi kimoja." Jioni kengele ililia na alikuwa Patrick, fulana yake imejaa vumbi la mbao. Alikuwa ameshika kwa mikono miwili mpira wa majani makavu na manyoya na kipande cha mfuko wa plastiki, na ndani yote, kuzunguka pale mayai yalipolala, ulikuwa umetandikwa usumba, laini, umesokotwa kama godoro. "Dada Rukia," akasema, "tumepata mingi ya hivi. Angalia. Ni nazi." Nilikishika. Ilikuwa hakika yenyewe, imenijia miezi mingi baada ya kuihitaji, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Sikuipiga picha kumtumia Graham. Jumamosi nilikwenda ziwani kama kawaida, na ndege wa kwanza aliyepita nikamtaja kwa sauti. Nilikosea. Nikamtaja wa pili.

Na shomoro hawakuondoka. Machi iliyofuata walihamia kwenye matundu ya hewa ya jengo lenyewe, juu kabisa ya maegesho mapya, na nyuzi za usumba zikawa zinaning'inia kwenye ukuta wa kampuni kama ndevu, na magari yaliyotafutiwa nafasi yakapakwa chokaa ya kinyesi chao kila asubuhi. Tangazo jipya likabandikwa kwenye lifti kuhusu vyakula na takataka kwenye roshani. Bi Mize alilibandua, akalitandika chini ya sahani ya maandazi.

Sasa ni Machi tena na yeye hayupo. Nyumba yangu ni ndogo, nyuma ya kituo cha basi, ng'ambo ya ziwa lile lile, na nayo ina tangazo lake kwenye ngazi: hairuhusiwi kuweka kitu chochote nje ya dirisha. Leo nimerudi kutoka dukani na nazi. Nimeikunjua mbuzi ya shangazi yangu kwenye roshani, nimeketi, na bado sijui kukaa juu yake vizuri, ulimi wake unanikwaruza goti. Usumba nimeung'oa wote na kuutandaza ukingoni ambapo kila mtu anayepita chini anauona. Jirani ameshagonga ukuta mara moja. Hakuna shomoro bado. Nawasikia lakini, mahali fulani juu ya paa, au nasikia ninachokitaka. Anayetaka kuniuliza kama nina hakika apande ngazi aje akae hapa, nazi ziko nyingi.